Yanatoka Maangavu, Yanalala Mekundu: Kwa Mwenye Kisima wa Kisauni

"Salaam aleikum, mwalimu. Mwaka jana tulichimbiwa kisima nyumbani Kisauni, maana maji ya mfereji huja siku moja yakapotea wiki. Maji yakipandishwa na pampu ni maangavu, ukiyatia kwenye glasi huoni kitu. Yakilala kwenye pipa usiku mmoja, asubuhi yamekuwa rangi ya chai na chini pametanda tope jekundu. Kanzu za mume wangu zimeingia madoa ya manjano. Nilizitia Jik zitakate, madoa ndiyo kwanza yakakolea. Chai ya rangi nikiipikia maji haya inatoka nyeusi kama wino. Fundi anasema ni chumvi ya bahari. Jirani anasema ni vyoo. Mwanangu wa kidato cha tatu alisema ni chuma, akatia sumaku kwenye lile tope, haikuvuta hata chembe, basi naye akanyamaza. Anasema wamesoma metali za mpito darasani lakini haoni zinahusianaje na pipa letu. Na jingine: tuna dele la kahawa la marehemu babu, la shaba, ndani limeanza kufanya kijani. Je, haya yote ni sumu? Nina mtoto wa miezi minne anayenyweshwa maziwa ya kopo."

Aleikum salaam, dada yangu. Nianze na mtoto, kwa kuwa ndiye asiyeweza kungoja. Maziwa yake yasichanganywe na maji ya kisima hiki mpaka yatakapopimwa maabara. Mkorogee kwa maji ya mfereji yaliyochemshwa, au ya chupa. Sababu yake si ule wekundu unaokutisha. Ni kitu kingine ambacho mara nyingi hufuatana nao bila kuonekana, nami nitakifikia.

Sasa tuingie kwenye pipa. Mwanao alisema kweli, ni chuma, na asinyamaze. Kilichomkosesha ni sumaku. Sumaku huvuta msumari kwa sababu ndani ya msumari atomi za chuma zimepangana bega kwa bega, na elektroni zao, zile chembe ndogo mno zinazoizunguka atomi, kwa wingi zimeelekea upande mmoja, kama watu katika safu ya swala. Katika tope lako kila atomi ya chuma imezingirwa na oksijeni na maji, safu imevunjika, na uvutano uliobaki ni dhaifu mno kuonekana kwa sumaku ya nyumbani. Chuma kimo, ila hakimo katika umbo la kipande cha chuma. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali kuuziwa sumaku ya kufunga kwenye bomba eti itanasa chuma. Haitanasa.

Chumvi anayoisema fundi huenda nayo ipo kisimani kwako, ulimi utakuambia, lakini haiwezi kufanya uliyoyaona. Chumvi ya bahari ni sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni moja ya kutoa; ikishaitoa imemaliza, haibadiliki tena, haina rangi, haijali kama iko gizani au juani. Maji ya chumvi yakilala mwaka yatabaki vilevile. Chuma hakiko hivyo, na hapa ndipo somo la mwanao linapokutana na pipa lako.

Atomi ya chuma ina elektroni 26. Mbili ziko ukumbi wa nje, na sita ziko katika chumba cha ndani kidogo ambacho wanakemia hukiita d. Chumba hicho kina nafasi kumi, kwa hiyo hakijajaa. Jambo kubwa ni kwamba elektroni za nje na zile za d zinakaribiana sana kwa nguvu zilizonazo. Chuma kinaweza kutoa zile mbili kikatulia, na hali ikibadilika kikaongeza ya tatu bila taabu kubwa. Hiyo ndiyo tabia inayozitambulisha metali za mpito: metali moja yenye hali zaidi ya moja, na kila hali ina rangi yake, uyeyukaji wake na tabia zake. Darasani nina desturi ya kusema "chuma cha mbili" na "chuma cha tatu", kwa hesabu ya elektroni zilizotoka. Nitayatumia majina hayo hapa.

Huko chini ya ardhi hewa ni haba. Chuma kilichomo mchangani kikikosa oksijeni hukaa kikiwa chuma cha mbili, na chuma cha mbili huyeyuka majini na kupotea machoni. Ndiyo maana glasi yako ni angavu. Pampu ikishayapandisha maji, oksijeni ya hewani huinyakua ile elektroni ya tatu. Chuma cha tatu hakikai ndani ya maji ya kawaida. Hujishikiza na maji yenyewe, kikafanya chembechembe za hudhurungi, kikazama. Pipa lako, hata kama ni la plastiki, linazaa kutu bila msumari hata mmoja. Wala hakitakiwi kingi: Shirika la Afya Duniani linasema chuma huanza kutia madoa kwenye nguo na vyombo kikizidi miligramu 0.3 katika lita. Kwa mtungi wa lita 20 hizo ni miligramu 6.

Na jirani? Usimpuuze. Vyoo havileti chuma, lakini maji machafu yanayopenya ardhini hula oksijeni iliyomo, na ardhi ikikosa oksijeni chuma kilichokuwa kimetulia kwenye mchanga huanza kuyeyuka. Kisima kirefu chenye mchanga wa chuma hufanya maji mekundu hata kama hakuna choo karibu, kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi kitu. Lakini kama shimo la choo liko karibu na kisima chenu, lenu au la jirani, vijidudu ndivyo vya kuogopa kuliko chuma. Pimisha vyote viwili.

Jik sasa. Wewe hukukosea kwa uzembe, karibu kila nyumba hufanya hivyo. Kazi ya Jik ni kunyang'anya elektroni. Doa la mchuzi au la embe likinyang'anywa elektroni huvunjika na rangi ikapotea. Lakini chuma kikinyang'anywa elektroni ndiyo kinageuka kuwa chuma cha tatu, yaani kutu. Chuma cha mbili kilichokuwa kimenywewa na nyuzi za kanzu, kimya, bila rangi, wewe ulikifanyia kazi ya hewa kwa dakika kumi. Tena kikakaukia humo humo ndani ya uzi.

Dawa ya kanzu bila shaka unaijua kwa bibi zako: ndimu, chumvi na jua. Napenda kuieleza kwa sababu ni kemia safi kabisa, na waliotufundisha hawakuhitaji kitabu. Asidi ya ndimu ina mikono kadhaa inayokishika chuma cha tatu kwa pamoja na kukitoa kwenye uzi hadi majini. Kisha jua likipiga, mwanga huisukuma elektroni kutoka kwenye asidi ya ndimu kurudi kwenye chuma, na chuma cha tatu kikawa tena cha mbili, kinachoyeyuka na kuondoka kwa maji. Ndiyo maana doa huondoka vizuri zaidi likianikwa bado bichi kuliko likiachwa kivulini. Mwingereza John Herschel mwaka 1842 alitumia tabia hiyo hiyo, chuma na asidi ya ndimu juani, kupata picha za samawati, na kwa miaka mingi baadaye ramani za majengo zilinakiliwa kwa njia hiyo.

Lakini nisikilize hapa. Kanzu zilizokwisha kutiwa Jik uzisuuze kwa maji mengi, mara tatu au nne, uzikaushe, ndipo uzitie ndimu siku nyingine. Jik ikikutana na ndimu, siki au dawa kali ya choo hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chumba cha kuogea kilichofungwa kinatosha kukudhuru. Ukisikia harufu inakaba koo, acha vitu pale pale, toka nje upate hewa. Kifua kikibana au kikohozi kisipotulia, nenda hospitali wala usingoje asubuhi.

Chai yako nyeusi ni kisa cha tatu cha chuma kilekile. Majani ya chai yana tanini, na tanini ikishikana na chuma cha tatu hufanya rangi ya weusi wa samawati. Umesema "kama wino", na ni wino hasa: Ulaya waliandikia wino wa chuma na tanini kwa karne nyingi. Ikamulie ndimu utaona weusi unakimbia, kwa kuwa ndimu inainyang'anya tanini chuma chake. Chai hiyo si sumu. Inakera tu machoni na ina ladha ya msumari. Hata hivyo, tanini hiyo hiyo hukikamata na chuma cha chakulani tumboni, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na mlo. Aiweke kando saa moja au mbili.

Mwanao atauliza, rangi zenyewe zinatoka wapi? Mwambie atazame mrututu wa dukani, zile chembe za samawati. Ile ni shaba iliyotoa elektroni mbili. Chumba chake cha d kimebaki na elektroni tisa katika nafasi kumi, na ile nafasi moja tupu huruhusu elektroni kuruka ikila mwanga mwekundu. Unaobaki kufika jichoni ni wa samawati. Mrututu ukiupasha moto maji yakatoka, unakuwa mweupe; ukiudondoshea tone la maji, samawati inarudi. Kumbe rangi si ya metali peke yake, ni ya metali na jirani zake. Kwa kutu na wino wa chai mambo yako tofauti kidogo: elektroni huruka kutoka kwa oksijeni kuingia kwenye chuma, na mruko wa namna hiyo hula mwanga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana chuma kidogo namna ile kinatia doa kubwa namna ile.

Zinki iliyopakwa kwenye mabati imejaza nafasi zake zote kumi, na hutoa mbili za nje tu. Haina nafasi ya mruko, kwa hiyo unga wake ni mweupe, na wanakemia wengi hawaihesabu kuwa metali ya mpito ingawa inakaa nazo safu moja. Kalamaini ya kupaka mtoto mwenye vipele ina weupe wa zinki na uwaridi wa chuma kidogo. Titaniamu nayo ikishatoa elektroni zake nne haibakizi chochote katika d, na ndiyo inayotia weupe kwenye rangi za ukutani. Mchanga mweusi wenye titaniamu ulichimbwa Kwale hapo jirani na kupakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024.

Usidhani pia kwamba metali hizi ni uchafu kwa asili yake. Damu yako ni nyekundu kwa chuma. Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne mwilini, na ndicho kinachobeba oksijeni. Pweza anayeuzwa jioni kando ya barabara hana chuma hicho. Yeye hubeba oksijeni kwa shaba, na damu yake ikiwa na oksijeni ni ya samawati. Kazi ni moja, metali tofauti, na zote zinafaa kwa tabia ileile ya kushika na kuachia.

Turudi kwenye kisima, maana hapo ndipo penye pesa zako. Kabla hujamlipa mtu, fanya majaribio mawili. Kwanza, chukua chupa mbili angavu, uzijaze moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Moja ijae hadi juu kabisa uifunge, nyingine iwe nusu uitikise. Kama zote zimetoka safi na ile iliyotikiswa ikabadilika kwanza, chuma kinatoka ardhini. Zikitoka nyekundu papo hapo, shuku mabomba yanayoliwa na kutu, na kwa maji ya chumvi jambo hilo ni jepesi kutokea. La pili, acha pampu ifanye kazi nusu saa. Wekundu ukipungua sana, tena shuku mabomba. Usipobadilika, ni ardhi. Kama ni mabomba, kubadilisha la chuma kwa la plastiki huenda kukatosha, na mtambo wowote wa kuchuja utakuwa hasara.

Kama ni ardhi, dawa ni kukifanyia chuma makusudi kile kilichokuwa kikitokea pipani kwa bahati. Maji yamwagwe kutoka juu kupitia bomba au karai lenye matundu mengi, yaanguke kama mvua ndani ya tangi la kwanza. Oksijeni kidogo inatosha, miligramu moja hutosha takriban miligramu saba za chuma. Yaache yatulie, kisha yapite kwenye pipa la mchanga lenye changarawe chini. Kasi inategemea uchachu wa maji. Yakiwa na uchachu, kazi inakwenda polepole sana, kwani pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua) ikipanda kwa namba moja mgeuko huongezeka kasi kama mara mia. Vipande vya mawe ya matumbawe ndani ya tangi la kwanza husaidia kuupunguza.

Wiki za mwanzo chujio litakuvunja moyo. Usilibomoe. Punje za mchanga zikishapata utando wa kutu, utando huo wenyewe unakuwa kichocheo: chuma kipya kinachopita hugeuka upesi zaidi juu yake. Metali za mpito ni vichocheo kwa sababu ile ile ya elektroni zinazokwenda na kurudi. Chuma hutumika hivyo kutengeneza amonia ya mbolea, nikeli kugandisha mafuta ya kupikia, platini na paladiamu kusafisha moshi wa gari. Kwa hiyo mchanga uusuuze tope likizidi, lakini usiusugue ukarudi mweupe wala usiubadilishe kila mwezi. Nimeona watu wakitupa mchanga ulioiva vizuri wakidhani umeharibika, na roho ikaniuma.

Na sasa kile nilichokuahidi. Chuma cha ardhini mara nyingi hufuatana na manganisi, jirani yake katika jedwali la elementi, mwenye elektroni 25. Yeye ana hali nyingi zaidi, kuanzia mbili hadi saba, na doa lake ni jeusi badala ya jekundu. Chuma cha majini kwa kiasi cha kawaida hakina kiwango cha hatari kilichowekwa kwa afya ya mtu; lalamiko ni madoa na ladha. Manganisi anacho: Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 0.08 kwa lita, likiwafikiria hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga. Kuchemsha hakumwondoi. Chujio la hewa na mchanga peke yake mara nyingi humwacha apite, mpaka mchanga upate utando wake yeye mwenyewe au litumike chujio lililotengenezwa kwa ajili yake. Ndiyo sababu ya onyo langu la mwanzo.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi: ukitia dawa ya klorini kwenye maji yenye chuma, chuma hula klorini kwanza. Unaamini umeua vijidudu kumbe dawa imekwisha kwa kutengeneza kutu. Ondoa chuma, ndipo utie dawa, au uchemshe. Nalo chujio haliondoi chumvi, kama ipo.

Dele la babu lisitupwe, wala lisitumiwe kama lilivyo. Madele ya shaba hutiwa bati kwa ndani, ile metali nyeupe isiyoachia kitu kwa urahisi. Kijani maana yake bati limechakaa na shaba imekutana na hewa, maji na chumvi ya pwani yetu. Kinywaji chenye shaba nyingi huleta kichefuchefu, kutapika na tumbo kusokota. Mpaka wa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Kwa nje ling'arishe kwa ndimu na majivu upendavyo. Kwa ndani lipelekwe kwa fundi anayejua kutia bati, na umwulize wazi kama anatumia bati tupu lisilo na risasi, ile metali nzito yenye sumu. Risasi ni balaa kubwa kuliko kijani chote hicho. Usipompata unayemwamini, liweke sebuleni. Vitu vichachu kama ukwaju visikae kabisa kwenye chombo cha shaba kisicho na bati.

Wa kumwona ana kwa ana ni hawa. Kwa maji, maabara: Mkemia wa Serikali ana ofisi Mombasa, na zipo maabara za binafsi. Waombe wapime chuma, manganisi, chumvi, naitreti, pH na vijidudu vya kinyesi. Chukua chupa zao wenyewe, maana ya kupimia metali hutiwa asidi ili chuma kisigande njiani, na ya vijidudu lazima iwe imetakaswa na ifike upesi. Kwa daktari: kama nyumbani kuna mwenye seli mundu au thalasemia anayeongezewa damu mara kwa mara, mwambieni habari ya kisima, kwa sababu watu hao tayari hulimbikiza chuma mwilini. Na kama una vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, viweke juu, mbali na watoto. Kidonge kimoja hubeba chuma kingi, na mtoto akimeza vingi ni hospitali saa hiyo hiyo, hata akionekana mzima.

Majibu yakitoka, niandikie tarakimu zilivyo pamoja na kina cha kisima na umbali wa shimo la choo. Na mwanao ndiye azisome na kuzinakili.